Bukavu: Amortisere na radiatere hutoa onyo mapema, lakini nani atalipa?

Katika mji wa Bukavu, bidoni ya maji nyuma ya taksi imekuwa kitu cha kawaida kama tairi ya akiba. Shofere anapanda kutoka Nyawera, anasimama juu ya mlima, anafungua kapo, anaongeza maji, kisha safari inaendelea. Gari lingine linashuka kuelekea Panzi huku mkia wake ukicheza juu na chini kama mtumbwi ziwani, na abiria wanajishikilia kwenye viti. Hakuna anayeshangaa. Jibu ni lile lile: gari limezeeka.

Jibu hilo si kamili. Gari la miaka 30, hata la miaka 50, linaweza kupanda na kushuka milima hii bila kuchemka na bila kurukaruka. Kinachohitajika ni kuangalia mapema sehemu mbili ambazo huharibika polepole na kutoa dalili nyingi kabla ya kufa: amortisere, ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita shokapu au shokamzoba, na mfumo wa maji unaopoza moteri, kuanzia radiatere hadi pompi.

Shida kubwa ni kwamba dalili hizo humfikia mtu ambaye mara nyingi si yeye anayelipa. Shofere ndiye anayesikia kelele, mwenye gari ndiye mwenye pesa, na abiria hajui lolote. Kati ya watu hao watatu, moteri inaungua na freni zinashindwa kusimamisha gari kwenye mteremko.

Mlima, matope na hewa nyepesi

Bukavu si mji tambarare. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Ibanda, Kadutu na Bagira vinapanda juu zaidi. Ni safari chache sana mjini ambazo hazina mpando na mteremko. Kutoka Septemba hadi Mei mvua inanyesha, maji yanachimba barabara, na shimo lililojaa maji halionyeshi kina chake. Juni hadi Agosti ni zamu ya vumbi.

Ukitoka mjini, kazi inaongezeka. Kwenye barabara ya taifa namba 5 kuelekea Uvira, gari linapita Nyangezi na miteremko ya Ngomo hadi Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, karibu mita 500 chini ya Bukavu. Wakati wa kushuka, kazi kubwa iko kwa freni na amortisere. Wakati wa kurudi, gari limejaa magunia na watu, linapanda polepole kwa vitesi vidogo, na joto lote linabaki kwa radiatere.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalifikirii, nalo ni hewa. Kando ya bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Hapa kwetu, kwa sababu hewa ni nyepesi, maji katika sufuria huchemka kwa karibu digrii 95. Mama anayepika maharage anajua kwamba huku juu yanachelewa kuiva. Moteri nayo inafuata kanuni hiyo hiyo: maji yaliyo wazi ndani yake yatachemka mapema kuliko yale ya gari lililo Dar es Salaam au Mombasa.

Somo kutoka kwa magari ya mbio

Anayedhani kwamba barabara mbovu haiwezani na gari la zamani akumbuke mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalihesabiwa kati ya mashindano magumu zaidi duniani, kwa sababu ya mawe, vumbi, matope na umbali.

Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na Datsun 240Z. Lilikuwa gari dogo la mbio la milango miwili, lenye moteri ya silinda sita ya lita 2.4, ambalo lilikuwa limeanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969. Mwaka 1973 aina hiyo hiyo ilishinda tena, safari hii ikiendeshwa na Shekhar Mehta pamoja na Lofty Drews. Mehta alizaliwa Uganda, na kwa jumla alishinda Safari mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Kabla ya hapo, Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wengi wa Bukavu wanalikumbuka, lilikuwa limeshinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968.

Magari hayo hayakuwa na kompyuta. Nguvu yao ilikuwa moteri rahisi, na zaidi ya hapo, watu waliokuwa wakiyangoja njiani na vipuri mkononi. Katika mashindano ya aina hiyo, amortisere huhesabiwa kama kitu cha kuisha. Fundi haingoji ivunjike. Inabadilishwa katika kituo na gari linaendelea. Joto la maji nalo linaangaliwa kwenye kioo cha shofere muda wote. Tangu mwaka 2003, magari ya kizazi hicho yamerudi barabarani katika mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na kazi ya mafundi ni ile ile.

Tena tofauti kati ya gari hilo na taksi ya Bukavu si kubwa kama inavyoonekana. Datsun 240Z ina nguzo ya amortisere yenye resori juu yake kwenye kila gurudumu. Toyota Corolla na Carina nyingi zinazopita Feu Rouge zina nguzo za namna hiyo mbele. Maji yanazunguka kwa njia ile ile: pompi, moteri, termostati, radiatere. Anayejua kutunza moja anaweza kutunza nyingine.

Amortisere inafanya nini hasa?

Watu wengi wanaamini kwamba amortisere ndiyo inayobeba gari. Hapana. Uzito wa gari unabebwa na resori. Kazi ya amortisere ni kuituliza resori. Gurudumu likiingia kwenye shimo, resori inajikunja kisha inataka kuruka. Ikiachwa peke yake, itaruka mara nyingi. Ndani ya amortisere kuna fimbo na pistoni inayosukuma mafuta kupita kwenye matundu madogo. Mafuta yanakataa kupita haraka, na ukaidi huo ndio unaotuliza mruko.

Kwa hiyo amortisere iliyokufa si suala la starehe tu. Gurudumu linaloruka haligusi ardhi, na gurudumu lisilogusa ardhi halina freni wala halifuati usukani. Shofere anaweza kuwa na freni mpya kabisa na bado akakosa kusimama kwenye mteremko wenye mashimo, kwa sababu tairi ziko hewani nusu ya wakati.

Dalili zake ni hizi:

- Mafuta yanatiririka kwenye mwili wa amortisere na kushika vumbi. Unyevu mdogo karibu na fimbo si lazima uwe kifo, lakini mafuta yanayoteremka hadi chini ni kifo.
- Ukikanyaga freni, pua ya gari inazama chini sana.
- Kwenye kona, gari linalala upande mmoja na linachelewa kurudi.
- Tairi zinalika kwa mabaka, hapa pamelika, pale pana nyama. Pitisha kiganja juu ya tairi nawe utayahisi mawimbi.
- Kuna mlio wa kugonga kila unapopita shimo dogo.

Jaribio la kusukuma kona ya gari kwa mikono linajulikana na kila mtu. Ukiachia, gari linapaswa kupanda mara moja na kutulia. Likicheza mara mbili au tatu, amortisere imekwisha. Lakini tuwe waangalifu: jaribio hilo hukamata ile iliyokufa kabisa tu. Iliyo nusu mfu inaweza kupita, kwa sababu mikono haina nguvu ya shimo lililopigwa kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Ndiyo maana ni lazima kuangalia mafuta, tairi na mipira ya juu na chini.

Kelele pia inaweza kudanganya. Mara nyingi inayogonga si amortisere yenyewe bali silabloki, rotile, au mpira wa juu unaoshika nguzo kwenye mwili wa gari. Fundi mzuri atainua gari na kutikisa kila kiungo kabla ya kukuambia ununue kitu. Anayetaja bei kabla ya kuinua gari, mshukuru na uende kwa mwingine.

Ufundi wa kuchoma na kujaza

Kwa sababu vipuri vipya ni ghali, kuna njia ya mkato inayojulikana katika garaji nyingi za ukanda huu: kutoboa amortisere iliyokufa, kuingiza mafuta mapya, kisha kuchoma tundu kwa moto. Gari linatoka likiwa gumu na shofere anafurahi. Furaha hiyo kwa kawaida haidumu.

Sababu ni rahisi. Mafuta yalitoka kwa sababu mpira unaoziba fimbo ulilika, na mpira huo haukubadilishwa. Mafuta mazito ya moteri au ya vitesi hayapiti vizuri kwenye matundu yaliyotengenezwa kwa mafuta mepesi, kwa hiyo gari linakuwa gumu kama mkokoteni, na pigo la shimo linaenda moja kwa moja kwenye mwili wa gari na mgongo wa abiria. Zaidi ya hapo, amortisere nyingi za sasa zina gesi yenye mgandamizo ndani. Kuzichoma kwa moto kunaweza kuzipasua usoni mwa fundi.

Kuna nguzo za zamani, kama zile za Datsun na baadhi ya Toyota za kizazi chake, ambazo zilitengenezwa ili zifunguliwe: unalegeza nati kubwa ya juu na kubadilisha amortisere iliyo ndani bila kutupa nguzo nzima. Hiyo ni kazi halali, kwa kuwa ndivyo kiwanda kilivyotaka. Ile iliyofungwa moja kwa moja haikukusudiwa kufunguliwa.

Kwa vipuri vya okazio, mnunuzi aombe kuishika mkononi kabla ya kulipa. Simamisha amortisere wima, isukume hadi mwisho na kuivuta mara kadhaa. Inapaswa kukataa kwa nguvu sawasawa, bila sehemu iliyo tupu katikati. Fimbo iwe inang'aa, bila kutu wala mkwaruzo. Mkwaruzo mdogo tu unakata mpira kama wembe. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi asishike fimbo kwa koleo wakati wa kufunga nati. Akiishika hivyo, amekuuzia kitu kipya na kukiharibu dakika hiyo hiyo.

Mambo mengine matatu ni ya lazima. Kwanza, badilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia za mbele, au kushoto na kulia za nyuma. Moja mpya na moja mzee hulivuta gari upande mmoja wakati wa freni. Pili, resori isifunguliwe bila kifaa cha kuibana. Resori iliyokunjwa ina nguvu ya kuua mtu, na kamba au waya si kifaa. Tatu, baada ya kufungua nguzo za mbele, gari lipimwe paralelisimu. La sivyo tairi zitalika ndani ya wiki chache, na faida yote itapotea.

Na uzito? Hakuna amortisere inayoweza kusaidia gari dogo la watu watano linalobeba watu tisa na gunia tatu. Kuweka vipande vya mpira katikati ya resori ili gari lisilale kunaficha tatizo tu. Resori haiwezi tena kujikunja vizuri, na pigo linahamia kwenye chuma cha gari.

Kuongeza maji si kutengeneza

Sasa tuje kwenye bidoni. Mfumo wa maji wa gari umefungwa. Maji yanazunguka mle mle: yanachukua joto kwenye moteri, yanalipeleka kwa radiatere, hewa inalichukua, na maji yanarudi. Katika mfumo mzima, maji hayapungui. Gari linalotaka lita moja kila asubuhi lina mahali linapoipoteza. Ama yanavuja nje, kwenye radiatere, pompi au mipira ya maji ambayo mafundi huiita diriti. Ama yanaungua ndani ya moteri, na hiyo ndiyo habari mbaya zaidi.

Anza na kitu kidogo kuliko vyote, yaani bushoni ya radiatere. Wengi wanadhani ni kifuniko tu. Bushoni ina resori ndani na namba juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni mgandamizo ambao bushoni inauzuia ndani ya mfumo. Bushoni nzima ya 0.9 huyafanya maji ya Bukavu yasichemke mpaka karibu digrii 116. Bushoni iliyolegea, au kitambaa kilichosokotwa mahali pake, inaturudisha kwenye digrii 95 za sufuria ya maharage. Moteri ya kawaida hufanya kazi karibu na digrii 90. Maana yake, bila bushoni nzuri gari liko ukingoni mwa kuchemka hata likiwa na afya. Kabla ya kununua radiatere, badilisha bushoni, na namba yake iwe ile iliyowekwa na kiwanda.

Kitu cha pili ni termostati, mlango mdogo unaofunguka maji yakipata joto, mara nyingi digrii 82 au 88. Desturi ya kuitoa na kuitupa imeenea, eti Afrika ni joto. Bukavu si joto; asubuhi za Julai tunavaa makoti. Moteri isiyo na termostati inachelewa kupata moto, inakula esansi zaidi na kulika haraka. Katika baadhi ya moteri, zikiwemo za Toyota, termostati inapofunguka hufunga pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inapita njia hiyo bila kufika kwenye radiatere, na gari linachemka zaidi kuliko mwanzo. Ijaribiwe katika sufuria ya maji ya moto: ikifunguka na kujifunga tena, ni nzima. Ila kumbuka kwamba hapa kwetu sufuria inaishia digrii 95, kwa hiyo iache ndani dakika kadhaa.

Kitu cha tatu ni hewa. Gari linapopanda polepole, hakuna upepo wa mbele, kwa hiyo kazi yote inafanywa na ventilatere. Ya umeme iwake yenyewe moteri ikipata joto. Inayozungushwa na mkanda isizunguke kwa ulegevu wakati moteri ina moto. Boma la plastiki linaloizunguka nalo lina kazi: bila boma, ventilatere inazungusha hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia radiatere. Na radiatere iliyojaa matope na wadudu katikati ya mapezi yake haipitishi hewa. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, kutoka upande wa moteri kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka.

Radiatere za zamani za shaba zinaweza kufunguliwa, kusafishwa mabomba yake na kuunganishwa tena kwa risasi. Zile mpya za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki ni nyepesi, lakini plastiki ikigeuka kahawia na kuanza kupasuka, gundi haitashikilia muda mrefu. Poda na vitu vingine vya kuziba vinavyomwagwa ndani huziba tundu leo, na kesho vinaziba mabomba membamba pia.

Maji gani?

Bukavu ina maji mengi, na hapo ndipo kosa linaanzia. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi nyingi za madini. Ndani ya moteri ya moto, madini hayo yanaganda kama yale magamba meupe ndani ya birika la chai, na magamba huzuia joto kutoka. Maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua kuosha mabati na kuchujwa kwa kitambaa safi, ni afadhali kuliko ya ziwa. Lakini maji matupu ya aina yoyote yanaleta kutu.

Ndiyo maana kuna antijeli. Watu husema: Bukavu hakuna barafu, antijeli ya nini? Jina linadanganya. Kazi yake kwetu si barafu. Ni kuzuia kutu, kulinda pompi na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu antijeli na nusu maji yaliyosafishwa madini. Usichanganye aina tofauti bila kujua, kwa maana nyingine zikikutana hufanya uji. Kwa gari la zamani, kumwaga yote, kusafisha na kujaza upya kila miaka miwili ni desturi nzuri.

Jambo moja kwa wazazi: antijeli nyingi ni sumu, na ladha yake ni tamu. Isiwekwe katika chupa ya soda nyumbani. Iliyomwagwa isiachwe kwenye beseni ambapo mbuzi, mbwa au mtoto anaweza kunywa, wala isimiminwe kwenye mfereji unaoshuka ziwani.

Gari likichemka njiani

Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi kama kipo na fungua hewa ya moto ya ndani hadi mwisho. Abiria watatoka jasho, lakini kifaa hicho ni radiatere ndogo ya pili. Ukiona bado unapanda, simama mahali salama na uzime moteri. Usifungue bushoni. Maji yaliyobanwa kwa mgandamizo yatarukia uso na mikono, na majeraha yake ni mabaya. Subiri angalau nusu saa, mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Kumimina maji baridi ndani ya moteri yenye moto mkali kunaweza kupasua kulase.

Na usiuamini mshale peke yake. Maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki katika mvuke na kinaweza kuonyesha baridi wakati moteri inaungua. Mshale ukishuka ghafla kwenye mpando, simama.

Dalili za joenti ya kulase iliyoungua ni hizi: maji yanapungua bila kuvuja popote, mapovu yanatoka kwenye radiatere wakati moteri inazunguka, mafuta ya moteri yanageuka rangi ya maziwa, na moshi mweupe mzito hauishi hata moteri ikiwa na moto. Moshi mwepesi wa asubuhi ya baridi ni wa kawaida. Dalili hizo zikionekana, kila kilomita unayoongeza inaongeza gharama.

Nani alipe?

Turudi kwa watu wetu watatu. Shofere anatakiwa kupeleka pesa kwa mwenye gari kila jioni. Siku ya garaji ni siku ya njaa kwake, kwa hiyo ananyamaza na kununua bidoni. Mwenye gari anaposikia neno amortisere, anashuku kwamba shofere anatafuta pesa. Ananyamaza naye. Karatasi ya kontrole tekniki inaonyesha hali ya gari siku ile ya kupimwa. Haisemi lolote juu ya shimo la wiki iliyofuata.

Njia moja isiyogharimu zaidi ya bei ya daftari ni kuandika. Daftari likae ndani ya gari. Kila asubuhi, moteri ikiwa baridi, shofere aandike kiasi cha maji alichoongeza. Kila Jumamosi, aandike hali ya tairi, mafuta kwenye amortisere na kelele mpya. Kila kipuri kinachobadilishwa kiandikwe pamoja na tarehe na kilomita, na kile cha zamani kirudishwe kwa mwenye gari akione. Baada ya mwezi mmoja hakuna tena ubishi wa maneno: lita moja kwa wiki iliyokuwa lita moja kwa siku inaonekana hata kwa mtu asiyejua ufundi.

Mwenye gari naye akubali jambo moja: siku moja ya matengenezo kila mwezi isihesabiwe kama deni la shofere. Bushoni, termostati na mipira ya maji ni vitu vidogo. Kulase iliyopasuka inalaza gari kwa wiki nyingi, na wakati huo wote hakuna anayeleta pesa jioni, si kwa nyumba ya shofere wala kwa nyumba ya mwenye gari.

Abiria pia ana haki ya kusema. Ukipanda gari ambalo linaruka kwenye kila shimo na pua yake inazama kwenye kila freni, na mbele yenu kuna mteremko wa Ngomo, mwambie shofere apunguze mwendo na ashuke kwa vitesi vidogo. Akikataa, shuka ungoje lingine.